Mama Aligeuza Gitaa

Wiki ambayo mama yangu alistaafu, mjomba alikuja nyumbani na fundi wa vigae. Hakuwa amemwambia mtu. Walisimama sebuleni, fundi akipima sakafu kwa hatua, mjomba akimwonyesha kwa ncha ya mwavuli wapi pa kuanzia, na mama mwenyewe kakaa palepale kwenye kochi, wanamzunguka kama meza.

"Kiinua mgongo kisipofanya jambo la kuonekana, kinayeyuka," mjomba alisema. "Tutaanza na sebule, mdogo wangu, halafu ukumbi."

Mama alimaliza kutafuna alichokuwa akitafuna.

"Kaka," akasema, "hicho ni kiinua mgongo, na mgongo ni wangu. Mimi nanunua gitaa."

Fundi wa vigae alicheka, akadhani ni utani. Mjomba hakucheka. Alikuwa anamjua dada yake kwa miaka hamsini na minane.

Mama alikuwa mfunga vitabu. Kwa miaka thelathini na minane alikaa kwenye karakana ya kiwanda cha uchapaji, akishona kwa sindano na uzi yale madaftari makubwa ya hospitali na shule, yanayofunguliwa kila siku mpaka yachakae mikononi mwa watu. Alikunja kurasa, akashona, akapaka gundi, akabana, akavalisha jalada. Kisha ikaletwa mashine inayobandika vitabu kwa gundi ya moto, vitabu mia kabla hujamaliza kikombe cha chai, na mama akapewa mkono wa kwaheri. Pale kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mashoto, kwa sababu kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, isipokuwa kimoja tu: kuandika.

Hicho kimoja kilikuwa na historia yake. Babu, baba yake mama, alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Alipoona bintiye wa miaka sita anashika kijiko kwa kushoto, akasema samaki mkunje angali mbichi, na kazi ya kumkunja akampa mwanawe mkubwa, yaani mjomba, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Kila asubuhi kabla ya shule mjomba alimfunga mama ule mkono nyuma ya kiuno kwa kitambaa kigumu, na kila jioni akamfungua. Iliendelea hivyo mwaka mzima na nusu. Mama akatoka hapo anaandika kwa mkono wa kulia. Mengine yote yalirudi kushoto siku ileile kitambaa kilipowekwa kabatini.

"Samaki mwenyewe hakuulizwa," mama hupenda kusema. Husema akicheka, ila kicheko hicho hakifiki machoni.

Habari ya gitaa ilianza alipokuwa na miaka ishirini, mwanagenzi kazini, amepanga chumba kimoja. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mchomelea vyuma, naye alikuwa na gitaa kavu, yaani lile lisilohitaji umeme. Jumapili alimwazima, kwa sharti moja: asithubutu kuhamisha nyuzi. Mwenye kutumia mkono wa kushoto hufungua nyuzi akazipanga upya, nene juu, nyembamba chini, zimfuate mkono wake. Mama alikatazwa hilo. Basi akaligeuza gitaa lenyewe, shingo ikaelekea kulia, nyuzi nyembamba zikawa juu karibu na kidevu na zile nene zikawa chini magotini. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha vidole vikae wapi, maana hakuna aliyepiga hivyo. Kila mkao wa vidole aliutafuta mwenyewe, Jumapili moja baada ya nyingine, miaka mitatu. Kisha mchomelea vyuma akapata kazi mbali, akahama na gitaa lake.

Mama akaolewa, akatuzaa, akauguza, akazika. Mimi mwanawe sikuwahi kumwona na gitaa. Nilichokiona ni vidole. Alipokuwa anasubiri maji yachemke, vidole vyake vya kulia vilibana ukingo wa meza na vya kushoto vikapapasa hewa. Nilidhani ni mishipa. Niliwahi hata kumwambia akamwone daktari.

*

Jumamosi tulikwenda dukani watu watatu. Mama, aliyevaa gauni lake la kazini kwa kuwa, alisema, lina nafasi mabegani. Mjomba, aliyesema anakuja kuhakikisha hatupigwi bei. Na mimi, niliyetumwa na moyo tu, ingawa sikupenda kwenda. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Kazi yangu ni kuwatuliza watu wasipige kelele, na kutazamwa na watu nisiowajua ni kitu ambacho mwili wangu hauwezi.

Duka lilikuwa ghorofani, juu ya duka la mapazia. Magitaa yalining'inia ukutani kwa shingo, safu tatu. Upande wa dirisha vijana wawili walikuwa wakijaribu kinanda. Muuzaji, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, alitupokea kwa tabasamu kubwa, akampita mama, akampa mkono mjomba.

"Karibu sana, mzee. Mjukuu ana miaka mingapi?"

"Mjukuu ndiye mimi," mama akasema. "Nina hamsini na minane. Niletee kigoda."

Muuzaji alimvutia kiti kizuri chenye mikono.

"Nimesema kigoda, mwanangu. Gitaa litagonga hiyo mikono ya kiti."

Kigoda kikaletwa. Muuzaji akatungua gitaa jekundu linalong'aa kama gari jipya, akaanza kusifia. Mama hakulipiga. Alilinusa. Aliingiza pua kwenye tundu la gitaa akavuta hewa, na mmoja wa wale vijana wa kinanda akamkanyaga mwenzake mguu. Kisha mama akachomoa risiti ya zamani kwenye mkoba wake, akaisukuma taratibu chini ya kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa. Karatasi ikaingia hadi nusu.

"Hapa gundi imeachia," akasema. "Na imepakwa juu ya rangi. Gundi haishiki juu ya rangi. Hili mwakani litakuwa limeng'oka."

Muuzaji alitazama karatasi, akamtazama mjomba kama vile mjomba ndiye aliyemleta mkaguzi. Mjomba akakohoa. Nadhani kidogo alijivuna.

La pili likapita mtihani wa karatasi. Mama akalipakata, akaligeuza, shingo ikaelekea kulia. Hapo ndipo kicheko kilipotoka.

"Mama, mama, pole!" muuzaji alisema, akinyoosha mikono kulirudisha. "Umelishika miguu juu kichwa chini."

"Nimelishika ninavyolishika."

"Lakini nyuzi zimepinduka. Hutapata kitu. Hakuna mtu anayepiga hivyo."

"Basi leo umemwona mmoja."

Vijana wa kinanda sasa walikuwa wameacha kinanda kabisa. Mmoja alitoa simu. Nilimsogelea mama, nikainama sikioni mwake, nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka najisikia vibaya. Nilisema, "Mama, twende tu. Tutakuja siku watu wakiwa wachache."

Hakunijibu kwa hasira. Aliniambia tu, kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia, "Wewe ukiona haya, kasimame kwenye ngazi. Mimi sioni."

Sikwenda kwenye ngazi. Lakini nilijitia kusoma tangazo ukutani.

Kelele zilimtoa fundi wa duka chumba cha nyuma. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, aproni imejaa vumbi la mbao. Ndiye aliyekuwa akitengeneza vyombo vya duka lile. Alimtazama mama, akatazama gitaa lilivyokaa, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza:

"Mashoto?"

"Ndilo jina langu," mama akasema.

Uso wa fundi ukachangamka. Akaingia ndani, tukasikia maboksi yakisogezwa, akatoka na gitaa limefunikwa vumbi. Lilikuja kwa makosa miaka mitatu iliyopita, akaeleza, ndani ya shehena ya mengine. Limetengenezwa kiwandani kwa ajili ya mkono wa kushoto, nyuzi zimepangwa kwa mkono wa kushoto, kila kitu. Halijapata mnunuzi. Litauzwa nusu ya bei ilimradi liondoke.

Duka zima likapumua. Muuzaji akapiga makofi. Mjomba akasema, "Unaona sasa? Mambo yakifuata njia yake hayana ugomvi." Hata mimi niliacha tangazo langu. Nilifurahi kwelikweli, maana niliona aibu yangu inakwisha: mama atapata gitaa lake halali, atalipiga kama watu wote, kwa upande wake tu.

Mama alilifuta vumbi kwa upindo wa gauni. Akapitisha karatasi, haikuingia. Akalipakata. Akaweka vidole vya kulia shingoni, vya kushoto juu ya tundu, akapiga.

Ilitoka sauti kama masufuria yakianguka.

Akarudia. Vidole vyake vilikwenda mahali vilipopajua, na pale palikuwa na uzi mwingine. Akatafuta nyembamba, akagusa nene. Akatafuta nene, haikuwepo. Nilimwona akisimamisha mkono hewani, jasho limemtoka juu ya mdomo.

Mjomba akasema polepole, na sidhani alikuwa na nia mbaya, "Mdogo wangu, sasa hata lililotengenezwa kwa ajili yako huliwezi. Miaka imepita. Hakuna aibu. Turudi kwenye vigae."

Mama alimrudishia fundi lile gitaa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyorudisha mtoto wa mtu.

"Hili ni la mashoto waliofundishwa," akasema. "Mimi nilijifundisha. Nipe lile la kahawia, la pale juu, lisilong'aa."

"Mama, hilo ni la mkono wa kulia," muuzaji akasema, karibu kulia.

"Naona. Nitaligeuza."

Fundi mwenyewe alipanda ngazi akalitungua. Mama akalipitisha karatasi, akaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza. Akaligeuza. Mwanzo alikosea. Akakosea tena, palepale, akang'ata ulimi pembeni mwa mdomo kama afanyavyo akitunga uzi kwenye sindano. Mara ya tatu alikosea mahali pengine, na baada ya hapo sikujua tena anapokosea.

Namna ya kueleza sauti ile sina. Watu wengine kidole gumba ndicho kinachotembea na zile nyuzi nzito, bum, bum, bum, na vidole vingine ndivyo vinavyoimba. Kwa mama ilikuwa kinyume. Gumba lake ndilo lililoimba, juu, likidondoa nyuzi nyembamba mojamoja, na chini vidole vitatu vikazizoa zile nene kwa kuzivuta juu, kama mtu anayechota maji. Ulikuwa wimbo mdogo, wa mizunguko minne tu, ukirudi na kurudi. Kijana mwenye simu aliishusha, kisha akakumbuka akainyanyua tena, safari hii taratibu.

Mama alipoacha kupiga, aliacha katikati ya mzunguko wa wimbo, kwa sababu vidole vinavyobana nyuzi vilimuuma. Akavitazama ncha. Miaka thelathini na minane ya sindano ilikuwa imemwachia sugu, lakini si mahali panapotakiwa na nyuzi.

"Mlio huo siujui," fundi alisema. "Nimetengeneza magitaa tangu sijaoa. Siujui."

"Nachukua hili," mama akasema.

Muuzaji akawa mwepesi tena. Akaleta fomu ya dhamana, mwaka mzima, likiharibika wanatengeneza bure. Lakini mama alitaka lifungwe mkanda, apige akiwa amesimama, na kifungo cha mkanda kilikuwa upande usiofaa. Likishageuzwa, gitaa lingemwinamia kama mlevi. Lazima litobolewe upande wa pili wa shina la shingo.

"Likitobolewa, dhamana imekufa," muuzaji akaeleza. "Na hili bamba la kukinga mikwaruzo litakuwa juu, mama, halitakinga kitu. Kucha zako zitachuna mbao."

"Zichune."

"Na dhamana?"

"Toboa."

Fundi alikuwa tayari ameshika keekee. Muuzaji akageuza fomu, akaandika kwamba mteja ameikataa dhamana kwa hiari yake, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Mama akachukua kalamu kwa mkono wa kulia, kama alivyosaini kila kitu tangu darasa la kwanza. Akaishika hivyo kitambo. Kisha akaihamishia kushoto.

Alichukua muda mrefu. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala, moja imetoka nje ya mstari. Ilionekana kama sahihi ya mtoto wa miaka sita. Muuzaji akataka kusema neno, fundi akamkazia jicho.

Nilipogeuka, mjomba hakuwepo. Tulimkuta chini mlangoni, kwenye duka la mapazia, ameshika kitambaa cha pazia anakipapasa wala hakitazami.

Tulitembea hadi kwenye kona. Hapo mjomba akasema, bila kumwangalia, "Baba ndiye aliyeniagiza. Unajua hilo."

"Najua, kaka."

"Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Baba aliagiza, lakini fundo ulilifunga wewe, na ulilifunga vizuri. Halikuwahi kulegea hata siku moja."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Gitaa lilikuwa mgongoni mwa mama kwenye mfuko wake mweusi, naye mjomba alipounyoosha mkono ili alibebe, mama alisogea pembeni. "Liache. Si zito." Baadaye kidogo akamshika mkono, wakavuka barabara hivyo, kama wazee wawili wa kawaida. Kumsamehe sijui kama alimsamehe. Mwavuli wake alimshikia.

*

Miezi miwili ya kwanza nyumba haikukalika. Mama alipiga asubuhi, akapiga mchana, akakosea palepale mara arobaini. Jirani wa nyuma, muuguzi anayefanya kazi kwa zamu, alikuja mlangoni na kanga kichwani kuuliza kama wimbo ule una mwisho. Mama akamwuliza analala saa ngapi, wakapanga, na akaheshimu saa hizo kama ratiba ya treni. Zaidi ya hapo hakupunguza chochote. Mjomba alipokuja alikaa sebuleni, juu ya saruji isiyo na vigae, akisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Siku moja alisema, "Hapo kati umeharakisha." Mama akamwambia aende akanunue gitaa lake.

Yule fundi wa duka alikuwa na rafiki zake waliokuwa wakipiga pamoja kila Jumapili alasiri, kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni: wanaume watano wenye mvi, magitaa matatu, ngoma na filimbi. Aliwaambia habari za mama. Wakamwita aje kujaribiwa, na mimi nikampeleka. Safari hii niliomba mwenyewe.

Kiongozi wao alikuwa dereva mstaafu wa malori, na mpaka leo wanamwita Dereva. Alimsikiliza mama akipiga peke yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema sauti ni nzuri, hilo halina mjadala. Ila kuna tatizo dogo.

"Sisi tunakaa safu moja, shingo zote zinaelekea huku. Ya kwako inaelekea kule. Ukikaa katikati utagongana na mwenzako. Tena na mtazamaji, dada yangu, jicho lake litachanganyikiwa. Tulikuwa tunaonelea ukae nyuma, karibu na ngoma. Au ujifunze polepole kwa upande wetu. Hatuna haraka."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Walikuwa watu wema, na walikuwa wamemtengea hata kiti. Kilikuwa nyuma ya ngoma, nusu yake chini ya mti wa maua.

Mama alikitazama kile kiti. Nilimjua, kwa hiyo nikaanza kukusanya mkoba wangu.

"Upande wenu nilishajifunza," akasema. "Miezi kumi na minane, asubuhi mpaka jioni. Sitarudi tena darasa hilo. Na nyuma ya ngoma sikai, maana huko hata mimi mwenyewe sitajisikia. Mkinitaka, nakaa hapa." Akaonyesha mwisho wa safu, mbele, upande wa watazamaji.

"Hapo anakaa mzee huyu," Dereva akasema, akimwonyesha mpiga gitaa wa pembeni. "Amekaa hapo miaka tisa."

"Mhamisheni."

Filimbi ikawekwa chini. Nilitazama uso wa yule mzee wa pembeni, nikitafuta hasira, nikaona anajizuia kucheka. Alisimama, akachukua gitaa lake, akachukua na mto wake wa kukalia, akasogea viti viwili.

Mama akakaa. Akaligeuza gitaa, akajaribu uzi mmoja kwa gumba, akaukaza kidogo.

"Haya," akasema. "Tunaanza na upi?"